Fundi Zihindula na Gauni la Kesho

Anayetaka ukweli mtupu aende kwa padri. Kwangu mimi M'Lwaboshi, yaani binti ya Lwaboshi wa Bukavu, ukweli hutiwa mafuta na kitunguu ndipo unapakuliwa. Leo ninampakua Zihindula, fundi wa nguo wa hapa kambini Dzaleka, mwanaume ambaye jua halijawahi kuchomoza likamkuta yuko tayari.

Alianza akiwa tumboni. Mama yake alikuwa sokoni Kadutu, kule Bukavu, anapima chumvi, mtoto akaja kabla ya mkunga, kabla ya kitambaa, kabla hata ya jina. Wakamfunga katika gunia la chumvi, ndiyo maana hadi leo akitoka jasho mbuzi humfuata kumlamba. Toka siku ile dunia humkuta Zihindula hajajiandaa.

Mwaka wa 2004, risasi zilipoanza kulia Bukavu, zilimkuta kwenye cherehani anashona koti la bwana harusi. Mkono wa kushoto alikuwa ameshautia, wa kulia bado. Akakimbia na kichwa cha cherehani begani na koti la mkono mmoja kwapani. Yeye na mke wake walikimbia pamoja, wakafika Malawi pamoja, na baada ya miaka michache akamzika hapa hapa kambini. Alikuwa mama mpole, sina neno baya juu yake, maana hanisumbui. Lile koti Zihindula alilitundika kwenye ukuta wa kibanda chake, na ukimwuliza la nini anajibu, "Mwenyewe anaweza kufika siku moja. Nitamwambia nini?"

Sisi wa Dzaleka tuna maneno mengi ya mtu aliyekutwa hajajiandaa. Si ajabu. Sote tulikutwa hivyo, ndiyo sababu tuko hapa. Pale bombani, tukingoja ndoo zijae, kila mama huleta lake. Jirani yangu Nizigama, Mrundi wa maneno machache, husema mama yake alikuwa na usemi wake: wageni wameketi, kuku bado anakimbia. Wa kwetu Bukavu wanasema fulani ameshikwa suruali iko ku magoti. Mimi nikawafundisha madaraja. Kunaswa ni kwa panya na wezi. Kufumaniwa ni kwa wenye mapenzi. Kushtukizwa ni kwa watu wa heshima, wenye nafasi ya kukohoa kwanza. Lakini daraja la juu kabisa ni kukutwa na sabuni machoni. Nilimwona mtu wa Kadutu, jina lake namhifadhia, vita vilimkuta anaoga. Alikimbia na povu mwili mzima, macho ameyafumba, mkono wa mke wake ameushika. Hakufumbua hadi mvua ilipomsuuza karibu na Uvira, akaona kumbe mkono ni wa mke wa mtu mwingine. Hawajaachana hadi leo, na wamezaa sana.

Kwa hiyo Zihindula nilimpa jina, Bwana Sabuni. Maana ukienda kuchukua nguo yako, hata ukienda mwezi mzima baada ya siku mliyoahidiana, utamkuta na sabuni machoni. Kitambaa chako kiko chini ya kitambaa cha mwingine, na cha mwingine kiko chini ya paka. Lakini fundi huyu haombi msamaha. Akikuona unakuja, anaruka, anachukua ile mita yake ya shingoni, utepe wa kupimia uliofutika namba kwa uzee, anakutazama juu hadi chini kama daktari.

"Mama, we unanenepa. Leta nipime tena."

"Gauni haiko tayari?"

"Iko tayari! Inabakia tu kushona."

Ndivyo alivyoishi miaka yote ile. Kila aliyemkuta na kazi bado, alipimwa upya. Mnene aliambiwa amekonda, mwembamba aliambiwa amenenepa, na mzee wa kanisa Hubert aliambiwa amerefuka, naye ana miaka sabini. Hubert alirudi nyumbani amefurahi, akajipima mlangoni.

Sasa niseme lililo langu. Mimi ni mjane. Kwa miaka mingi hakuna aliyenigusa isipokuwa wajukuu wenye kamasi. Kina mama wa kanisa walipogawiwa vitenge vya sikukuu, vya aina moja, bluu yenye maua ya njano, nikapeleka changu kwa Zihindula. Siku ya ahadi nikaenda, hakijaguswa. Akachukua mita. Ikanizunguka kifuani, ikashuka kiunoni, na alipoinama kusoma zile namba zisizosomeka nilisikia harufu ya mafuta ya cherehani na chaki, nikatamani niwe na kiuno kirefu zaidi ili afike mbali. Juma lililofuata nikarudi. Akapima tena. Basi nikawa naenda kama anayekwenda misa. Gauni kutoisha ndiyo ilikuwa raha yangu, na mdomoni nilikuwa ninamtukana Bwana Sabuni kambi nzima isikie.

Yote hayo yangekwenda vizuri bila Cécile.

Cécile naye mjane, naye wa Bukavu, amesoma kwa masista, Kifaransa anakiongea hata na mbuzi. Ana kiuno cha nyigu. Ni mwanamke ambaye hajakutwa na kitu chochote maishani. Mwezi wa saba, hakuna hata wingu la kuigiza, yeye anatembea na mwavuli. Mgeni akipiga hodi, chai inachemka. Mtoto akikohoa, dawa iko mfukoni. Nasikia hata siku ya kukimbia Bukavu alikuwa amekwisha fua na kunyoosha. Mimi nimezaliwa na wivu, niliwaonea wivu hata mapacha kwa kuwa walikuja na rafiki. Lakini kwa Cécile wivu wangu ulipata makao na shamba.

Siku moja napita kibandani, naona mita iko kwenye kiuno cha nyigu. Nikasimama. Mita yangu! Zihindula ameinama vile vile, anasoma namba zile zile ambazo hazipo. Cécile anacheka kwa pua.

"Papa Zihindula, ni mara ya pili unapima. Mi sikubadilika."

"Mama Cécile, mwili wa mwanamke ni kama bei ya mahindi."

Hilo neno aliniambia mimi! Kwangu alisema bei ya mafuta, lakini ni lile lile. Nikaenda nyumbani, nikakanda unga wa mandazi hadi ukaomba huruma.

Na baada ya siku chache, haki ya Mungu, Cécile akatokea bombani amevaa gauni lake. Limekwisha! Mikono yote miwili, upindo umenyooka, vifungo vinameta. Ndoo ikanitoka mkononi. Zihindula, ambaye hakuna aliyewahi kumkuta tayari, amekuwa tayari kwa Cécile.

"Amempenda," nikamwambia Nizigama. "Ameshona hadi vidole vimeota sugu. Mwanaume hamalizi kazi bure."

Nizigama akaweka ndoo kichwani polepole. "Koko," akasema, yaani bibi, "mwanaume akikupa haraka unachotaka, anataka uondoke."

"Nyamaza. We unajua nini juu ya Wabukavu?"

Sikulala vizuri siku hizo. Kina mama walikuwa wanasema Zihindula ataoa kabla ya Pasaka, amechoka kula nsima ya kununua, ule ugali wa Wamalawi. Atamwoa nani, hawakusema, lakini walikuwa wakimtazama Cécile, kisha wananitazama mimi, kisha wanatazama ndoo zao. Mimi nilimtaka mzee yule. Sizungushi maneno. Nilitaka niamke nimsikie anakohoa chumba cha pili, nimgombeze kwa haki, siyo kwa kuazima.

Ndipo nikasikia kwamba Zihindula anakwenda Lilongwe kununua uzi na zipu, na Cécile naye ana safari ya Lilongwe siku hiyo hiyo. Safari! Nikafunga kitambaa kichwani nikawafuata. Mjini nikapanda kabaza. Yule kijana wa baiskeli nilimwambia afukuze kama vile tumeibiwa, naye akafukuza hadi mnyororo ukatoa moshi. Nikashuka Old Town, nikapita maduka ya Wahindi dirisha moja baada ya jingine, hawapo. Nikaingia soko la Tsoka.

Niliwaona kwa muuza vifungo. Zihindula anashika kifungo juu, anakitazama kwenye jua, Cécile anatikisa kichwa hapana, anashika kingine, Cécile anasema ndiyo. Wanachagua pamoja! Watu wakishachagua vifungo pamoja, kimebaki nini? Nikajificha nyuma ya rundo la usipa, vile visamaki vyao vikavu, rundo refu kama nyumba, nikachungulia juu yake. Kisamaki kimoja kikaniingia sikioni. Kilikuwa kikavu, lakini naapa kilinong'ona.

"Agogo, mukufuna chiyani?" mwenye usipa akaniuliza kwa sauti ya soko zima. Bibi, unataka nini.

Nikamwashiria anyamaze. Akadhani nashusha bei, akapandisha sauti zaidi. Vichwa vikageuka, na kichwa kimojawapo kilikuwa na miwani ya Zihindula.

"M'Lwaboshi! Unafanya nini huku?"

Nilikuwa na maneno yote ya kambi kwa mtu aliyekutwa vile, lakini yote yalikuwa ya kumwambia mwingine.

"Nanunua usipa."

"Nawe hauli usipa. Ulisema inanuka kama soksi ya askari."

"Nimebadilika. Mwili wa mwanamke ni kama bei ya mahindi!"

Cécile akafungua mwavuli wake, jua kali, akaniwekea kivuli kichwani. "Mama, una samaki sikioni," akasema kwa upole. Upole ule ndio ulioniua. Angenitukana ningepona.

Basi ulimi ukanitoka, na ulimi wangu ukitoka haurudi mtupu. Nikamwambia Zihindula mbele ya wauza vifungo, wauza nyanya na wapita njia kwamba yeye ni mshonaji wa upendeleo, kwamba wenye kiuno cha nyigu wanamaliziwa na wenye kiuno cha Mungu wanapimwa hadi kaburini. Nikamwita Bwana Sabuni, nikamwambia hata mke wake alikufa akingoja upindo.

Hilo la mwisho lilikuwa limevuka mpaka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. "Gauni yako utaipata," akasema. Basi. Akaenda zake. Nami nikarudi Dzaleka na furushi la usipa lililonuka hadi mtaa wa Mtandire kule mjini.

Keshokutwa yake, kabla jua halijawa kali, hodi. Siyo Zihindula. Ni mzee Hubert, amenyooka kwa ule urefu wake mpya, na mkononi ana gauni langu limekunjwa vizuri.

"Fundi amenituma. Iko tayari."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Anashona. Amesema umekuwa na haki, hapaswi kukungojesha tena."

Nikalifungua. Limekwisha. Kifua kimekaa, mikono imekaa, hata mfuko wa ugoro wangu ameuweka ndani upande wa kushoto, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Nilikaa chini kwenye kinu. Maneno ya Nizigama yakanirudia: akikupa haraka anataka uondoke. Gauni la Cécile lilipoisha nilisema anapendwa. Langu lilipoisha nikajua nimefukuzwa. Msiniulize hesabu hiyo inakwendaje, wivu haukusoma shule, kama mimi.

Nilikaa na gauni lile siku nzima. Jioni nikachukua wembe wa kunyolea wajukuu, nikaligeuza ndani, nikaupitisha kwenye mshono chini ya kwapa. Trrr! Limefumuka vizuri, uwazi wa kupitisha paka. Nikajiambia, fundi gani atakataa kuitengeneza kazi yake mwenyewe iliyopasuka?

Asubuhi nikajipaka mafuta, nikaenda na uso wa msiba.

Kwenye benchi la kibanda, wa kwanza, ameketi Cécile. Mwavuli pembeni. Na magotini gauni lake la bluu na njano, mshono wa nyonga umefumuka kama mdomo wa samaki.

Tulitazamana. Mwanamke anamjua mwanamke. Pale nikaelewa kwamba yule ambaye hajawahi kukutwa, leo amekutwa, na amekutwa na mimi. Ningefurahi, lakini na mimi nilikuwa nimeshika langu.

"Limepasuka," akasema.

"Langu pia. Nilikuwa nacheka."

"Mi nilikuwa nainama."

Zihindula akatutazama juu ya miwani. Akachukua gauni la Cécile, akaligeuza, akaleta mshono karibu na jicho. Akachukua langu, akafanya vile vile. Paka naye alitazama.

"Uzi wangu ukikatika wenyewe," akasema, "unavutika kwanza, unaacha ndevu. Hii haina ndevu. Hii imenyolewa."

Cécile akatazama mwavuli. Mimi nikatazama lile koti la mkono mmoja ukutani, nikaona kama na lenyewe linatucheka.

Zihindula akaketi. Akaweka gauni la Cécile chini ya sindano, akakanyaga, tatatata, akakata uzi kwa meno, akalikunja. Hata maji ya chai yasingechemka.

"Mama Cécile, iko tayari."

Hapo moyo wangu ukaanguka hadi kwenye kandambili. Nikasema ndiyo basi, amemmalizia tena yeye kwanza. Lakini nikamwona Cécile. Hakuwa na uso wa aliyeshinda. Alilipokea gauni kama mtu anayepewa nauli ya kurudi kwao. Alikuwa amesoma, alielewa kabla yangu. Akasimama, akafungua mwavuli ndani ya kibanda, akanigeukia.

"M'Lwaboshi, we una bahati ya watu wasiojiandaa."

"Na we una kiuno," nikamjibu, maana ilikuwa zamu yangu na sikuwa na kingine.

Akaenda. Nikabaki nimesimama na wembe wangu ukiwa bado mfukoni, ninauhisi pajani. Zihindula hakulitia gauni langu chini ya sindano. Alilitundika ukutani, kwenye msumari ule ule wa koti. Halafu akavuta mita shingoni.

"M'Lwaboshi, umepungua. Leta nipime tena."

"Sijapungua! Tangu jana nimekula usipa mpaka basi."

"Mita haidanganyi."

"Mita yako haina namba, mzee."

"Njo maana inachukua muda." Akaizungusha kiunoni pangu polepole, na safari hii hakuinama kusoma. "Ile ya Tsoka, ya mke wangu, imeniuma."

"Najua. Sitairudia."

"Ya Sabuni unaweza kurudia."

"Gauni litakuwa tayari lini?"

"Kesho," akasema.

Sijawahi kuambiwa neno tamu kama lile, wala na marehemu mume wangu.

Zihindula alimtuma Hubert kwa wanangu, mambo yakapangwa kama desturi inavyotaka, siku ya kanisa ikatajwa. Mnafikiri siku hiyo ilimkuta Zihindula amejiandaa? Asubuhi ya harusi ninakwenda kibandani kuchukua gauni langu, nalikuta limekatwa. Mkono wa kulia haupo. Kumbe mzee usiku ule aligundua kwamba yeye mwenyewe hana koti. Akashusha la bwana harusi wa Bukavu, akasema mwenyewe atatusamehe, akaona halina mkono, na kitambaa kilichokuwa karibu ni changu. Akaingia kanisani na koti jeusi, mkono mmoja mweusi, mmoja bluu wenye maua ya njano. Padri alipoteza ukurasa. Watoto walidhani ni cheo.

Nami? Nilikuwa nyumbani na kitenge kuukuu, uso umejaa povu maana nilikuwa naoga huku nalia, kikundi cha kuimba kimeshafika mlangoni. Nizigama akanishika bega akasema, "Koko, wageni wameketi." Ndipo hodi ikapigwa, nikafumbua jicho moja linawasha, nikamwona Cécile. Amelileta gauni lake, limenyooshwa, na pini za kulipanulia kiunoni amekuja nazo, na mkasi wa kufumulia pande zote mbili. Alikuwa amejiandaa, yule nyoka.

"Vaa haraka," akasema. "Nilijua tu."

Nikaolewa na gauni la Cécile. Kanisa zima lilisema gauni zuri. Gauni! Hakuna aliyesema bibi harusi. Na Cécile, aliyevaa nguo ya kawaida tu, kiuno chake kilipita katikati ya watu kama wimbo, nikamwona mume wangu anatazama upande ule. Alisema anatazama mlango.

Tangu hapo imepita misimu ya mvua. Gauni langu bado liko kwenye msumari, halina mkono, na kila nikiuliza, napimwa. Cécile anatuma watu kudai lake. Jana alikuja mwenyewe, na mwavuli wake, akasimama mlangoni. Nikamwangalia juu hadi chini, pole pole, kama nilivyofundishwa.

"Mama Cécile, liko tayari," nikamwambia. "Inabakia tu kulifua. Njoo kesho."